Watoto wa Kiongozi na Mkalimani wa Kanzidata

Jina la nchi yetu sitalitaja. Msidhani naogopa. Jina lenyewe liko kwenye ukarabati, na mpaka kamati imalize kazi tumeruhusiwa kusema "hapa kwetu" tu. Basi hapa kwetu mimi naitwa Pazi, na ni Afisa Mashaka Daraja la Tatu katika Wizara ya Urahisi. Kazi yangu ni kushuku. Wenzangu mitaani hushuku kienyeji, bila mafunzo, lakini mimi nina cheti na kiti kinachozunguka. Kila wizara ina Idara ya Mashaka, na ya kwetu ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu hakuna kinachotia shaka kama jambo rahisi.

Kazi naipenda. Nimewahi kumshuku mpishi wa kantini kwa kuwa chai yake ilikuwa tamu siku ya maombolezo. Nimemshuku dereva aliyefika mapema. Nilimshuku hata mkuu wangu wa idara, akanipongeza, kisha akaanza kunishuku mimi, na tangu hapo tunaheshimiana sana.

Wizara yetu ndiyo inayotunza kanzidata ya Taifa. Hizo ni kompyuta kubwa zinazomkumbuka kila mtu na kila kitu hapa kwetu, vyote vikiwa vimepangwa kwenye majedwali: jedwali la raia, jedwali la wagonjwa, jedwali la mawaziri, jedwali la ng'ombe. Asiyekuwemo humo haendi shule, hatibiwi, na makaburini pia hawampokei. Zamani waandishi wa programu waliiuliza kanzidata kwa lugha yake yenyewe, iitwayo SQL. Ni lugha kavu, haina chumvi wala sukari. Mtu anasema: chagua majina kutoka wagonjwa ambapo siku ni leo. Kanzidata inaleta majina, na mambo yamekwisha.

Siku moja Mheshimiwa Lukumbuja, Waziri wetu wa Urahisi, alipita kukagua ofisi akasimama nyuma ya Nyamizi, mwandishi wa programu hodari kuliko wote tuliokuwa nao, mwanamke mwenye ulimi usiojua kona. Waziri akasoma kwenye kioo cha kompyuta.

"Hili neno 'chagua', unamwambia nani?"

"Kanzidata, Mheshimiwa."

"Kanzidata ya nani?"

"Ya Serikali."

"Kwa hiyo, binti, wewe umekaa hapa tangu asubuhi unaiamrisha Serikali?"

"Nikiibembeleza hainielewi, Mheshimiwa."

Waziri alitoka taratibu, mikono nyuma, na wasaidizi wake wakatoka hivyo hivyo, mikono nyuma. Sisi wa Idara ya Mashaka tukajua kazi imeingia.

*

Haukupita muda Waziri akarudi kutoka safari ya nje akiwa na Mkalimani.

Mkalimani si mtu. Ni programu inayokaa katikati, huku mwandishi, kule kanzidata. Kwa mujibu wa hotuba ya uzinduzi, mwandishi hana haja tena ya kujua majedwali wala lugha yake kavu. Atazungumza kiungwana habari za vitu anavyovijua: Raia, Mgonjwa, Ng'ombe, Waziri. Ataviita, navyo vitaitika, vikiwa vimekamilika, kila kimoja na jina lake na umri wake na vyeo vyake. Habari ya kwenda kwenye kanzidata kuchimbua ni ya Mkalimani peke yake.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "mmeona wapi mwenye nyumba akaingia jikoni kumuuliza mwiko umelala wapi? Zama za kuchutama mbele ya majedwali zimekwisha! Kuanzia leo, anayetaka jambo kwa kanzidata apitie kwa Mkalimani, kama vile anayetaka jambo kwangu anavyopitia kwa katibu wangu, na anayetaka kwa katibu wangu anavyopitia kwa mlinzi, na anayetaka kwa mlinzi ajue mwenyewe."

Tulipiga makofi. Pakatolewa amri mbili. Ya kwanza, ni marufuku kutamka, kuandika au kunong'ona SQL. Ya pili ilihusu idara yetu: kila kitu kitashukiwa kama kawaida, isipokuwa Mkalimani.

Nakiri amri hii ya pili ilinikaa vibaya. Ni kama kumwambia mvuvi avue samaki wote isipokuwa huyu mmoja, tena yuko kwenye ndoo. Lakini amri ni amri, nikawa nikipita karibu na mitambo ya Mkalimani natazama dari.

*

Sasa Mkalimani, kabla hajaanza kazi, sharti aelezwe vitu vinavyohusiana. Mgonjwa ana daktari. Daktari ana hospitali. Ng'ombe ana mwenyewe. Kwa ajili hiyo likaundwa Baraza la Uhusiano, na kila mkubwa akaja kudai vyake. Waziri wa Maji alitaka mito yote iandikwe chini yake. Waziri wa Kilimo akasema mito ikienda kwa Maji, basi mvua ni yake. Wakagombea umande hadi chakula cha mchana.

Ilipofika zamu ya raia ukumbi ulitulia. Raia ni wa nani? Kwenye majedwali ya zamani raia hakuwa wa mtu. Alikuwa na mstari wake, amekaa nao, basi. Waziri Lukumbuja akasimama, akafuta jasho, akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba tangu tupate uhuru tumekuwa tukiimba kuwa sisi sote ni watoto wa Kiongozi Mkuu, lakini tumekuwa tukiimba tu. Sasa teknolojia imetupa nafasi ya kuthibitisha. Raia aandikwe ndani ya kanzidata kuwa ni mtoto wa Kiongozi Mkuu!

Ukumbi ulilipuka. Watu walilia. Mzee mmoja wa chama aliomba aandikwe mtoto mara mbili.

Nyamizi ndiye aliyekuwa akibonyeza vitufe. Alingoja vigelegele viishe, akasema, "Mheshimiwa, hapa Mkalimani ana swali. Anauliza mzazi akiondolewa, watoto wafanywe nini. Ametoa majibu matatu tuchague moja."

"Yasome."

"La kwanza, watoto wamzuie mzazi asiondoke."

Ukumbi ukaguna. Watoto wamzuie baba! Raia amshike Kiongozi Mkuu koti asisafiri! Waziri akasema hilo ni jibu la wahuni, lipite.

"La pili, mzazi aende, watoto wabaki bila mzazi."

"Mayatima?" Waziri alishika kifua. "Taifa zima la mayatima? Hata kulitamka ni laana. La tatu?"

"La tatu, mzazi akiondolewa, watoto waende naye."

Yule mzee wa chama akapiga kelele, "Popote aendako!" Ukumbi wote ukaitikia: popote aendako! Jibu la tatu likapita bila kupingwa, watu wamesimama, wengine juu ya viti.

"Waheshimiwa," Nyamizi alipaza sauti, "naomba mnielewe. Mkalimani haimbi. Ukimwambia waende naye, siku Kiongozi akiondolewa kwenye kanzidata, atafuta watu wote. Wote!"

Wimbo ulikatika. Waziri alimtazama, kisha macho yake yakaanza kunitafuta mimi, nikatoa kalamu.

"Siku Kiongozi akiondolewa," alirudia polepole. "Wewe binti. Ni nani hapa amezungumzia habari ya Kiongozi kuondolewa?"

"Mkalimani ndiye ameuliza, Mheshimiwa."

"Mkalimani hashukiwi. Kwa hiyo umesema wewe."

Basi nikakabidhiwa Nyamizi nimshuku kwa muda wote wa kazi.

*

Kabla sijaendelea, lazima nimtaje mke wangu, Tausi. Tausi ni mgonjwa wa figo. Kila wiki huenda hospitali ya Serikali, iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na Wizara yetu, akasafishwe damu kwa mashine. Mashine zile ni za kisasa, haziwaki mpaka kanzidata ithibitishe kwamba mgonjwa yupo. Daktari alishatuambia bila kuzunguka: akikosa kusafishwa mara moja atavimba, akikosa mara ya pili mfululizo tusimlaumu mtu. Mimi ninampenda mke wangu. Nalisema hili hadharani kwa sababu huko kazini kwetu kumpenda mtu ni kosa la utaratibu: huwezi kumshuku vizuri.

Mkalimani alipoanza kazi pale hospitalini, muuguzi Apolonia alimwambia kiungwana, kama alivyofundishwa: naomba Wagonjwa wa leo. Mkalimani akaenda, akarudi na majina. Kisha akaenda tena kuleta habari za mgonjwa wa kwanza. Akarudi, akaenda kuleta za wa pili. Kwa kila mgonjwa safari yake, na kwa kuwa kila mgonjwa ni raia na kila raia ni mtoto wa Kiongozi Mkuu, kila safari alirudi na Kiongozi pia, na vyeo vyake vyote na picha yake akiwa juu ya farasi. Ikawa ukumbini tumekaa kwenye mabenchi tunamtazama Kiongozi akipakuliwa kwenye kioo, kwanza kofia, baadaye masharubu. Akimaliza, anaanza kupakuliwa upya kwa ajili ya mgonjwa anayefuata.

Niliwaeleza watu waliokuwa wakinung'unika kwamba hii ni heshima kubwa. Ni nchi gani nyingine Kiongozi wake humtembelea kila mgonjwa, tena mmoja mmoja?

"Baba Riziki," Tausi aliniambia, miguu yake imejaa maji, "mimi ndiye ninayeumwa figo. Kiongozi haumwi. Kwa nini aingie yeye kwanza?"

Jioni hospitali ilifungwa kabla zamu yake haijafika. Tulirudi nyumbani nimemshika mkono, na njia nzima nilikuwa natafuta wa kumshuku. Nilimshuku Apolonia, nikamshuku fundi wa umeme, nikamshuku hata yule farasi. Kila nilipomaliza kumshuku mtu, shaka yangu ilirudi yenyewe kwenye ndoo, kwa yule samaki niliyekatazwa.

*

Asubuhi yake nilikwenda kukaa mkabala na Nyamizi, kama kazi ilivyotaka. Nilipaswa kumtazama na kuandika anachofanya. Yeye alinitazama kwanza.

"Kaka Pazi, leo hushuku vizuri. Una nini?"

Sikukusudia kumwambia. Nilishtukia nimekwisha kumwambia yote, na Tausi, na miguu, na farasi. Alinisikiliza bila kukatiza. Kisha akageuza kioo chake kidogo upande wangu.

"Njoo uone anachokwenda kusema huko."

"Haturuhusiwi kumtazama Mkalimani akiwa kazini."

"Basi tazama dari, ila dari ya upande huu."

Nikatazama. Maneno yalikuwa yakishuka kwenye kioo kwa kasi, mstari kwa mstari. Chagua kutoka raia ambapo... Chagua kutoka viongozi ambapo... Chagua kutoka viongozi ambapo... Swali lile lile, linaulizwa tena na tena, jibu lile lile, linaletwa tena na tena. Hakukuwa na "kwa heshima na taadhima" hata moja.

"Dada Nyamizi, hii si ni SQL?"

"Ni SQL. Ulidhani kanzidata imejifunza lugha nyingine? Ni sisi tuliokatazwa. Yeye anaisema kutwa nzima, tena anaisema vibaya, kwa kuwa hakuna anayemsikiliza." Akashusha pumzi. "Usidhani namchukia. Kwa kazi ndogo ndogo ni mtumishi mzuri, anakuondolea kuandika yale yale kila siku. Lakini mtumishi unayemtuma sokoni, ujue walau anakwenda kununua nini. Sisi tumepiga marufuku kujua."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimkimbilia mkuu wangu wa idara, nikamwambia nimegundua kwamba Mkalimani anaongea lugha iliyopigwa marufuku. Mkuu alifunga mlango, akafunga dirisha, akafunga na pazia.

"Umesikia wapi?"

"Nimeona."

"Basi hukuona," alisema. "Mkalimani ana kibali cha kuongea SQL. Na kibali chenyewe ni cha siri, kwa hiyo hata yeye hajaambiwa."

Nilitoka nikiwa nimeridhika kabisa, nikashindwa kula.

Tausi alikuwa amekwisha kukosa mara moja. Siku yake ya wiki iliyofuata ilipofika, hospitalini kulitokea jambo la ajabu. Apolonia aliomba wagonjwa wa leo, na kabla hajaondoa kidole majina yote yalikuwa mbele yake. Hakukuwa na kofia wala masharubu. Watu waliitwa, wakaingia, mashine zikawaka. Tausi alisafishwa damu, akatoka amesinyaa vizuri, akaniomba tupite kununua mihogo ya kukaanga. Sikuuliza ni nani aliyeandika sentensi moja ya SQL kwa ajili ya hospitali. Kwa mara ya kwanza maishani sikumshuku mtu, nikala mihogo.

*

Lakini kasi ile ilionekana. Hapa kwetu kitu kikienda haraka sharti kuna mtu amefanya jambo. Iliitwa tume, na tume ikahoji: iweje wagonjwa waishe kabla ya Kiongozi kuonekana hata mara moja? Nyamizi hakukana.

"Ndiyo, niliandika. Sentensi moja. Watu walikuwa wanakufa wanasubiri picha ya farasi."

Kumfunga ilikuwa ni jambo jepesi mno. Waziri Lukumbuja alitaka adhabu ya kihistoria. Akasema mtoto asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu hafai hata kuitwa mtoto. Mbele ya wafanyakazi wote alimwagiza Mkalimani amvue Nyamizi utoto. Pale palipoandikwa kwamba baba yake ni Kiongozi Mkuu pakafutwa, pakaachwa wazi. Wanawake waliziba nyuso. Nyamizi aliuliza kama anaweza kwenda kunywa chai.

Sentensi yake ya hospitalini iling'olewa, Kiongozi akarudi kupakuliwa kwa kila mgonjwa. Nyamizi alisimamishwa kazi, ila alitakiwa kuripoti kila asubuhi ili ashukiwe. Wiki iliyofuata Tausi alikosa tena. Uso ulivimba hata macho yakawa madogo. Daktari alinivuta kando, akaniambia, "Wiki ijayo, Bwana Pazi. Mkikosa wiki ijayo, usinilaumu."

*

Wiki ijayo hiyo ndiyo Waziri aliyoichagua kumpandisha Kiongozi cheo.

Alikuwa amegundua jambo la aibu. Kiongozi Mkuu alikuwa ameandikwa katika jedwali la viongozi, pamoja na mameya. Waziri akaamua aundiwe jedwali lake mwenyewe, la Viongozi wa Milele, akae humo peke yake. Kazi ilikuwa ya hatua mbili: kumtoa kwenye jedwali la kawaida, halafu kumwingiza kwenye la milele. Likatengenezwa jukwaa ndani ya uwanja wa Wizara, na bendi, na kioo kikubwa ili umma ushuhudie. Kiongozi mwenyewe hakuja. Alikuwa amelala, na kulala kwake kulitangazwa redioni.

Tausi nilimwacha hospitalini asubuhi kwenye benchi la mbele kabisa. Apolonia aliniahidi kwamba zamu yake ni ya pili. Mimi nilitakiwa uwanjani kumshuku Nyamizi.

Bendi iliponyamaza ikaonekana tatizo: hakuna aliyethubutu kumwambia Mkalimani neno "mwondoe". Mkuu wa idara yangu alidai ana mafua. Yule mzee wa chama akasema macho hayaoni vitufe. Mwishowe wakakumbuka kwamba yupo mtu aliyekwisha kushukiwa kwa neno hilo hilo, kwa hiyo hatapungukiwa kitu. Wakamwita Nyamizi.

"Sibonyezi," alisema.

"Unakataa kumpandisha Kiongozi cheo?"

"Nakataa kuwaua watu. Mheshimiwa, mlichagua wenyewe: akiondolewa, watoto waende naye. Badilisheni jibu kwanza. Ni kazi ya muda wa kunywa maji tu!"

"Tubadilishe jibu," alisema Waziri kwa huzuni, "tuchague kuwa mayatima?" Akavua miwani, akapanda mwenyewe jukwaani, akaandika kwa kidole kimoja, akakohoa, akabonyeza.

Mkalimani, ambaye kuleta majina ya benchi moja la wagonjwa kulimchukua kutwa nzima, kufuta taifa hakukumchukua hata pumzi. Kwenye kioo kikubwa jedwali la viongozi lilikonda. Kisha jedwali la raia likawa karibu lote jeupe. Bendi, ikidhani hiyo ndiyo sherehe, ikapiga.

Waziri aliandika hatua ya pili, ya kumwingiza Kiongozi kwenye umilele. Mkalimani akamjibu kwa adabu zote: anayeomba hayupo.

Simu yangu ililia. Ni Apolonia, sauti imekauka. "Bwana Pazi, nimekwisha kumlaza mkeo kitandani, mashine haiwaki. Inasema mgonjwa huyu hayupo. Hakuna aliyepo hapa. Hata mimi hainitambui!"

*

Chumba cha kanzidata kiko chini ya Wizara. Mlango wake ni wa kioo na hauna ufunguo. Ukisimama mbele yake, unauliza jambo moja tu: huyu yupo? Waziri alisimama. Mlango ukamkataa. Akautajia vyeo vyake, akaupiga teke. Mlinzi wa mlango, aliyekuwa akituzuia siku zote, naye alikataliwa akiwa zamuni. Waziri akaagiza itolewe amri ya dharura, lakini hakukuwa na wa kuitoa, na wa kuipokea hakuwepo pia. Wakubwa wote walijaa kwenye ukumbi ule mwembamba, wakitazamana kwa mashaka makubwa, kila mmoja akimwuliza mwenziwe wewe ni nani.

Nilimshika Nyamizi mkono. Afisa Mashaka haruhusiwi kumgusa mshukiwa, nami nilimshika kwa nguvu.

"Dada, mke wangu yuko kitandani. Tafadhali."

Alisogea akasimama mbele ya kioo. Mlango ulimtazama mtu ambaye safu ya baba yake ilikuwa wazi, mtu asiyekuwa mtoto wa yeyote na hivyo hakuwa na wa kuondoka naye. Ukafunguka. Nchi nzima raia alikuwa yeye peke yake.

Ukajifunga nyuma yake. Kwa ndani nilimwona akiketi, akimpuuza Mkalimani, akifungua nakala ambayo kanzidata hujitunzia yenyewe kila alfajiri. Akageuka, akapaza sauti nyuma ya kioo.

"Jina kamili la mke wako!"

"Tausi binti Shomvi!"

Aliandika. Sentensi moja. "Nenda!" akasema.

Nilivuka barabara bila kutazama magari. Nilipoingia wodini mashine ilikuwa imeanza kunguruma na Apolonia analia huku akifunga bomba. Nilimshika Tausi mkono. Ulikuwa wa baridi, umevimba, na ukanishika. Nikakaa pale mpaka damu yake yote ilipokwisha kuzunguka, na sijui chochote kingine kilichotokea mchana ule.

Baadaye nilisikia kwamba Nyamizi aliwarudisha watu wote, kila mtu na mstari wake, safu ya baba ameiacha wazi. Kiongozi Mkuu alimrudisha pia, kwenye mstari mmoja, katikati ya kinyozi fulani na bibi mmoja mfuga kuku.

*

Kesho yake Waziri, akiwa amekwisha kuwepo tena, alimshtaki Nyamizi kwa kunena SQL ndani ya jengo la Serikali. Adhabu yake ilikuwa kufutwa kabisa. Ushahidi ulihitajika, na shahidi nilikuwa mimi.

"Afisa Pazi," alisema Waziri, "wewe ulikuwa ukimfuata huyu hatua kwa hatua. Iambie tume ulichokiona jana mchana mlangoni mwa kanzidata."

Nyamizi alikuwa ameketi kwenye kiti cha washukiwa, mikono mapajani. Hakunitazama. Nadhani hakutaka kunipa mzigo. Nilikuwa naogopa, nalisema wazi. Nilijua nikikosea, kitanda cha mke wangu kinaweza kusahauliwa.

"Mheshimiwa," nikasema, "sikuona kitu. Jana mchana sikuwepo."

"Nilikuona kwa macho yangu!"

"Macho hukosea, Mheshimiwa. Mwulizeni Mkalimani."

Hapakuwa na wa kukataa Mkalimani aulizwe. Wakamwuliza: Afisa Pazi jana mchana alikuwepo? Mkalimani akaenda, akakaa huko kama kawaida yake, akarudi: hakuwepo. Mjumbe mmoja wa tume akaomba aulizwe na juu ya mlinzi. Hakuwepo. Mkuu wa idara? Hakuwepo. Kisha watu wote, bila kupanga, wakamgeukia Waziri.

Mheshimiwa Lukumbuja alitaka kusema Mkalimani amekosea. Nilimwona neno likimfika mdomoni. Nikatoa kalamu yangu, nikafungua kifuniko, nikamtazama kama nilivyofundishwa. Akalimeza.

Kesi ilifutwa kwa kukosa mlalamikaji. Nyamizi alisimama, akaninong'oneza, "Asante, kaka," akaenda kunywa chai.

Jioni nilimweleza Tausi yote. Alikuwa ameketi ukumbini kwetu, miguu imerudi kuwa miguu, anamenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu.

"Kwa hiyo umeapa kwamba jana mchana hukuwepo."

"Nimeapa."

"Na imeandikwa."

"Imeandikwa na kupigwa muhuri."

"Basi yule aliyekaa amenishika mkono kutwa nzima alikuwa nani?"

Nilikwenda kwanza kutazama dirishani, nikafunga mlango, nikavuta na pazia. Kisha nikamwinamia sikioni, nikamwambia alikuwa mumewe, ila asimwambie mtu.